SHAMBA NA SOKO: Nyanya za Turkwel na Jua la Lodwar

Methali yasema kwamba akiba haiozi. Mkulima wa nyanya anayo haki ya kuishuku methali hiyo, maana akiba yake huoza katika siku chache, tena mbele ya macho yake. Nyanya ikishaiva haimngoji mnunuzi, wala haimngoji dereva ambaye lori lake limekwama njiani. Katika mji kama Lodwar, ambako joto la mchana hufikia digrii 35 hivi karibu mwaka mzima, nyanya iliyoiva barabara jana huanza kulainika leo, na kesho kutwa hutupiwa mbuzi.

Wakulima wanaomwagilia maji kando ya mto Turkwel, kutoka Katilu mpaka viunga vya Lodwar, wanaijua taabu hii. Hupanda kwa wakati mmoja, na kwa hiyo huvuna kwa wakati mmoja. Soko hujaa, bei huanguka, na mtu aliyepalilia kwa miezi mitatu hurudi nyumbani na fedha isiyotosha kununua mbegu za msimu ujao. Kisha miezi michache hupita, na mji ule ule hununua nyanya zilizoletwa kwa malori kutoka Kitale, mwendo wa kilomita 300 hivi. Fedha ambayo ingalibaki Turkwel hupanda lori na kwenda zake.

Dawa mojawapo ya taabu hii ni kukausha. Lakini neno hili "kukausha" lina mambo mengi ndani yake. Mikono miwili yaweza kukausha nyanya za shamba moja, katika juma moja, mmoja akapata kitu chekundu, kitamu, kinachodumu miezi mingi, na mwingine akapata vipande vyeusi vyenye mchanga ambavyo hakuna mnunuzi atakayevirudia mara ya pili. Tofauti haitoki kwenye mbegu wala kwenye bahati, bali hutoka kwenye njia iliyofuatwa.

Kazi isiyo ngeni

Kukausha chakula si jambo lililoletwa Turkana na wageni. Tangu zamani wafugaji wa nchi hiyo wamekausha nyama na maziwa ili wapate kitu cha kula wakati wa kiangazi. Wavuvi wa Kalokol, kwenye ufuo wa Ziwa Turkana, hupasua samaki, huwatia chumvi na kuwaanika, na samaki hao husafiri hadi masoko ya mbali ya magharibi ya Kenya na hata Kongo. Kadhalika katika kambi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992, wamo watu kutoka Sudan na Sudan Kusini ambao kwao bamia iliyokaushwa na kutwangwa ni kitu cha kila siku jikoni. Kwa hiyo mama wa Kakuma akiambiwa akaushe nyanya, hafundishwi kazi mpya. Anaonyeshwa tu kwamba nyanya ina tabia yake.

Tabia yenyewe ni hii. Katika kilo 100 za nyanya, kilo 94 hivi ni maji. Vijidudu vya kuozesha na ukungu haviwezi kuishi bila maji, na ndiyo sababu kitu kikavu hudumu. Ili maji yatoke, mambo matatu yanatakiwa: joto la kuyafukuza, hewa kavu ya kuyapokea, na upepo wa kuyachukua. Likikosekana moja, kazi hulegalega. Joto bila upepo ni kupika. Upepo bila joto, katika nchi yenye unyevu, ni kungojea ukungu.

Hapa ndipo mtu wa Lodwar anapomshinda mwenziwe wa Kericho au Kisii. Mvua ya Lodwar kwa mwaka mzima ni milimita 200 hivi, hewa ni kavu, na upepo hauna uhaba. Mambo yote matatu anayo bure, na kinachompasa ni kuyatumia bila kuharibu chakula.

Kuanika chini

Njia ya kwanza, nayo ndiyo rahisi kuliko zote, ni kukata nyanya na kuzitandaza chini, juu ya mkeka, gunia au turubai. Haigharimu kitu, na kwa jua la Turkana nyanya hukauka kweli. Walakini upepo ule unaochukua maji huleta vumbi, na kipande cha nyanya mbichi hunata kama gundi. Mchanga ukishakishika hautoki hata kikioshwa, nao hukwaruza meno ya mlaji. Nzi hutua, kuku hupita, mbuzi hawahitaji kukaribishwa. Tena upande uliolalia turubai haupati hewa, hivyo hubaki na unyevu wakati upande wa juu umekwisha kukauka, na hapo ukungu hupata makao.

Wauzaji wa samaki wanaijua hasara hii. Samaki aliyeanikwa mchangani hana bei sawa na yule aliyeanikwa juu ya kichanja, maana mnunuzi hawezi kupima ladha kwa macho lakini mchanga huuona. Kaskazini ya Nijeria, katika mashamba ya Kadawa karibu na mji wa Kano, wakulima hukausha nyanya nyingi sana kwa kuzianika chini, na mchanga umekuwa lawama ya siku zote.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba jua la wazi lenyewe ni baya. Uturuki huuza nje nyanya kavu nyingi, na sehemu kubwa hukaushwa kwa jua la kiangazi, zikiwa zimekatwa nusu na kunyunyiziwa chumvi. Wanunuzi wa Ulaya hawazikatai kwa sababu ya jua. Huangalia usafi wa kitu kilichotandikwa, umbali wa mifugo, na uangalifu wa mikono.

Kichanja chenye kifuniko

Njia ya pili ni kuinua nyanya kutoka ardhini. Kichanja kinachofika kiunoni, chenye wavu au fito juu yake, huruhusu hewa kupita juu na chini ya kila kipande. Vipande hukauka upesi zaidi na kwa usawa, na mchanga mwingi hupita chini yake. Juu yake hutandazwa kitambaa chepesi au wavu mwembamba, ulioinuliwa usiguse nyanya, ili kuzuia nzi na vumbi. Kina mama wa Turkana ni mafundi wa kusuka majani ya mkoma, na ungo mpana uliosukwa kwa mwanya hufaa sana kwa kazi hii.

Yapo mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza, chandarua kilichotiwa dawa ya kuua mbu kisitumiwe kamwe kufunikia wala kutandikia chakula. Dawa ile iliwekwa kwa ajili ya mbu, si kwa tumbo la mtoto. La pili, nyanya zisilazwe moja kwa moja juu ya bati wala waya wenye madini ya zinki. Nyanya ina ukali wa asidi, nayo huila zinki na kuingia nayo katika chakula. Wavu wa plastiki uliotengenezwa kwa ajili ya chakula, kitambaa safi, au fito zilizochongwa vizuri zatosha.

Dosari inayobaki ni mwanga. Jua kali likipiga nyanya siku nzima, hufifisha rangi yake nyekundu na huharibu vitamini C. Ndiyo maana wengine hutumia kitambaa kizito kidogo, au huweka kichanja chini ya kivuli cha makuti chenye upepo. Katika nchi ya unyevu kivuli kingeleta ukungu. Lodwar, ambako hewa yenyewe ni kavu, vipande vyembamba hukauka kivulini, ijapokuwa kwa muda mrefu zaidi, na rangi yake hupendeza.

Sanduku la jua

Njia ya tatu ni sanduku lililopakwa rangi nyeusi ndani na kufunikwa kwa kioo au nailoni inayopitisha mwanga. Jua huingia, joto hunaswa, na nyanya hukauka bila vumbi wala nzi. Mahali penye mawingu sanduku hili ni msaada mkubwa.

Lakini hapa ndipo watu wengi hukosea. Michoro mingi ya masanduku hayo ilitungwa kwa nchi ambazo joto ni adimu, na kwa hiyo matundu yake ya hewa ni madogo. Mtu wa Kakuma akiuiga mchoro huo bila kubadili kitu, sanduku lake huwa tanuri. Joto linalofaa nyanya ni kati ya digrii 50 na 60. Likipita 65 na kuendelea kupanda, sukari iliyomo huanza kuungua, rangi hugeuka kahawia, na ladha huwa chungu. Tena ngozi ya kila kipande hukauka ghafla na kuwa ganda gumu, na maji ya ndani hukosa njia ya kutokea. Nyanya ya namna hiyo huonekana kavu siku ya kuuzwa, kumbe ndani yake imo mbegu ya ukungu. Hata ikitiwa majini ili ilainike, huwa kama kipande cha ngozi.

Kwa hiyo sanduku la Turkana yapasa liwe na matundu makubwa: moja chini, upande unaotoka upepo, na jingine juu, upande wa pili, yote yakiwa yamezibwa kwa wavu. Kipima joto cha bei ndogo kikiwekwa ndani humwambia mwenyewe wakati wa kufungua zaidi. Matone ya maji yakionekana chini ya kioo, ni dalili kwamba sanduku halipumui.

Bora kuliko sanduku hilo ni kabati lenye sehemu mbili. Katika sehemu ya kwanza, iliyo nyeusi na kufunikwa kioo, hewa hupata joto. Kisha hupanda na kupita katika kabati lenye giza ambamo nyanya zimepangwa juu ya vichungio kadhaa. Nyanya hupata joto bila kupigwa na jua, na hivyo hubaki nyekundu zaidi. Vichungio vya chini hukauka kwanza kwa sababu hupata hewa ya moto kwanza, basi hubadilishwa nafasi kila siku. Kifaa hiki huhitaji fundi na fedha, kwa hiyo hufaa kikundi zaidi ya mtu mmoja, na yafaa kifungwe imara, maana nailoni haiuwezi upepo wa Turkana ikiachwa legelege.

Moto na umeme

Wapo wanaofikiri kutumia moto wa kuni au makaa, hasa kwa kuwa mti wa mathenge umejaa kila mahali. Moto hukausha, lakini ni mgumu kuuongoza, na moshi huacha harufu ambayo huenda ikafaa samaki lakini haifai nyanya. Mashine ya umeme, kwa upande wake, hutoa kitu kizuri na chenye usawa, kwa kuwa joto na upepo wake hupimwa. Swali ni gharama, na katika jambo hili Turkana ina somo lake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kiwanda cha kugandisha samaki kilijengwa Kalokol kwa msaada wa Norway. Kilifanya kazi kwa muda mfupi mno, kwa sababu gharama ya kuleta baridi katika nchi ile ya joto ilizidi faida ya samaki wenyewe. Baadaye jengo lile likawa ghala la samaki waliokaushwa kwa jua. Chombo kizuri kisicholingana na mfuko wa mahali ni mzigo.

Kabla ya kuanika na baada yake

Hata njia iliyo bora haiwezi kuponya nyanya mbovu. Zilizotobolewa na viwavi wa nondo aitwaye Tuta absoluta, mdudu aliyeingia Kenya mwaka 2014, ziondolewe. Na zilizooza upande mmoja zisikatwe ili kuokoa upande wa pili. Nyanya zenye nyama nyingi na maji machache, kama Rio Grande na Cal-J, hukauka vizuri kuliko zile za mviringo zenye maji mengi. Zioshwe kwa maji safi, kisu kiwe kikali, na unene wa kipande uwe milimita 6 hadi 8. Usawa wa unene ni jambo kubwa: vipande vyembamba vikichanganywa na vinene, vya kwanza huungua huku vya pili vikingali na maji. Vipande vya kadiri hiyo huweza kukauka kwa siku mbili au tatu za jua jema. Nyanya iliyokatwa nusu huchukua siku nyingi zaidi. Kila jioni zifunikwe au ziingizwe ndani.

Chumvi kidogo iliyonyunyizwa juu ya sehemu iliyokatwa huvuta maji na kuzuia ukungu. Ikizidi, huvuta unyevu wa hewa baadaye, na hupunguza wanunuzi. Wengine hutumia dawa iitwayo metabisulfaiti ya sodiamu ili rangi isigeuke. Hufanya kazi yake, lakini huwadhuru baadhi ya watu wenye pumu, na kwa hiyo aliyeitumia yampasa aseme hivyo juu ya pakiti. Kwa soko la Lodwar na Kakuma, usafi na uangalifu vyatosha bila dawa.

Nyanya iliyokauka vizuri hupindika kama ngozi laini, hainati mkononi, na ikikatwa na kubanwa haitoi maji. Ikishapoa, itiwe katika chupa ya kioo iliyofungwa na kutikiswa kila siku kwa muda wa juma moja. Umande ukionekana ndani ya chupa, zirudishwe juani mara moja, kabla ukungu haujaanza. Baada ya hapo zihifadhiwe katika chombo kisichopitisha hewa, mahali penye giza na ubaridi kadiri iwezekanavyo. Mfuko mwembamba unaoning'inizwa mlangoni mwa duka, ukipigwa na jua, hupoteza kwa juma moja kazi iliyofanywa kwa uangalifu mwingi.

Hesabu ya mkulima

Yabaki swali ambalo kila mwenye jembe huliuliza: je, yalipa? Chukua mfano wa kilo 100 za nyanya mbichi. Zikiondolewa kilo 10 za mbovu na mabua, hubaki 90, na hizo zikikauka huwa kilo 6 tu. Basi, ikiwa mbichi zingeuzwa kwa shilingi 60 kila kilo, mkulima angepata shilingi 5,400 kwa zile 90, na kavu ingempasa aiuze kwa shilingi 900 kila kilo ili asipate hasara, kabla hata ya kuhesabu kazi na chombo. Siku kama hiyo aziuze mbichi na ashukuru. Lakini bei ikianguka hadi shilingi 10, zile 90 ni shilingi 900, na kavu yake imegharimu shilingi 150 kila kilo. Na ikiwa mbichi hazina mnunuzi kabisa, kila kilo kavu ni kitu kilichookolewa kutoka jalalani. Kukausha hakukusudiwi kushindana na soko zuri. Ni ngao ya siku ya soko baya.

Anayetaka kuuza kwa pakiti madukani na akumbuke pia kwamba chakula kilichofungashwa kwa ajili ya kuuzwa Kenya hutakiwa kuwa na alama ya ubora ya KEBS. Kikundi hupata alama hiyo kwa urahisi kuliko mtu mmoja, na kikundi chenye njia moja ya kukausha hutoa bidhaa ya namna moja, ambayo ndiyo mnunuzi huitafuta.

Kwa matumizi ya nyumbani, nyanya kavu haiwi badala ya mbichi kwa kila kitu, kwa sababu vitamini C hupungua sana katika njia zote za jua. Lakini ile rangi nyekundu, iitwayo likopini, hustahimili zaidi, na mwili huipokea vizuri ikipikwa pamoja na mafuta. Konzi moja iliyolowekwa katika maji ya uvuguvugu, kisha ikakaangwa kwa vitunguu na samaki wa Kalokol, huwapa watoto mchuzi wa maana katika miezi ambayo nyanya ya sokoni haikamatiki kwa bei.

Kwa kifupi, mkulima wa Turkwel asianze kwa kutamani kabati la gharama. Na aanze na kichanja kinachofika kiunoni, kitambaa safi kisicho na dawa, kisu kikali, na chupa ya kupimia umande. Akiisha kuona kwamba mnunuzi amerudi mara ya pili na ya tatu, ndipo yeye na majirani zake wachangishane kwa ajili ya kabati. Upepo na jua wanavyo tayari, na havikatiwi risiti.